Nukta zangu zimetapakaa tu: je, pumba haziongezi maziwa?

*"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni katibu wa chama cha ushirika cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa huku nyanda za juu kusini. Tunataka kununua pumba kwa jumla, tuwakopeshe wanachama, kisha tukate kwenye malipo yao ya maziwa. Kabla ya kuamua nilikusanya takwimu za ng'ombe 55: kilo za pumba anazopewa kwa siku (wengi wanapima kwa kisado, nimehesabu kisado kimoja ni kilo 2) na lita za maziwa kwa siku kutoka daftari la kituo cha kukusanyia. Ng'ombe 9 hawapewi pumba kabisa, nikawaondoa maana hawana cha kuonyesha, wakabaki 46. Mpwa wangu aliyeko chuo akanichorea ile grafu ya nukta kwenye Excel, kompyuta ikatoa r = 0.11. Nukta zimetapakaa tu, mstari hauonekani. Kuna ng'ombe mmoja anakula kilo 6 na anatoa lita 3, nadhani ndiye anayeharibu picha, nimfute? Mwenyekiti ameshasema kwenye mkutano mkuu atawaambia wanachama kwamba takwimu zimethibitisha pumba ni hasara. Mimi moyo unakataa, kwa sababu nafuga na naona kwa macho. Nani yuko sahihi, mimi au grafu? Nimeambatanisha mchoro na jedwali."*

Marahaba, ndugu katibu. Nimefungua mchoro na jedwali lako na kuvipitia nukta kwa nukta. Kwanza kabisa, mwombe mwenyekiti asubiri. Takwimu hizi hazijathibitisha kwamba pumba ni hasara. Ila na wewe usishangilie mapema, kwa sababu hazijathibitisha unachoamini wewe pia. Zimefanya kazi nyingine, ambayo kwa sasa ina faida zaidi kwenu: zimeonyesha ni wapi mmechanganya mambo yasiyochanganyika.

Nianze na hiyo 0.11, maana ndiyo iliyompa mwenyekiti nguvu. Wengi hudhani r inapima kitu kimoja kina nguvu kiasi gani juu ya kingine. Sivyo. Inapima jambo moja jembamba, yaani nukta zimekaa karibu kiasi gani na mstari mmoja mnyoofu. Ikifika 1 au −1, nukta zote ziko juu ya mstari. Ikiwa 0, hakuna mstari mnyoofu unaozifaa, lakini huenda upo mstari wa kupinda, au yapo makundi mawili, na r haitakuambia. Mwaka 1973 mtakwimu Mwingereza Francis Anscombe, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Yale kule Marekani, alitunga majedwali manne madogo, kila moja likiwa na nukta 11. Wastani ni uleule kote, mstari ni uleule, na r ni ileile, karibu 0.82. Ukiyachora, la kwanza ni wingu la kawaida linalopanda. La pili ni upinde safi. La tatu ni mstari mnyoofu wenye nukta moja iliyoruka nje. La nne ndilo la ajabu zaidi: nukta kumi zimesimama wima mahali pamoja na moja iko mbali peke yake, na hiyo moja ndiyo inayozaa uhusiano wote. Asiyechora hawezi kuyatofautisha hayo manne. Mpwa wako alifanya vizuri kuchora; tatizo ni kwamba baada ya kuchora mliangalia namba na mkaacha kuangalia picha.

Halafu kuna suala la bahati. Ipo kanuni ya haraka: gawanya 2 kwa kipeuo cha pili cha idadi ya nukta. Kwa ng'ombe 46 unapata karibu 0.29. Maana yake, hata kama pumba na maziwa havijuani kabisa, r yoyote kati ya −0.29 na 0.29 inaweza kuzuka yenyewe. Mwenyekiti hapo atasema, "Si ndiyo hivyo, hakuna uhusiano!" Mgeuzie upande wa pili. Ukipiga hesabu ya kawaida ya wigo wa makosa kwa r ya 0.11 na nukta 46, uhusiano halisi unaweza kuwa popote kuanzia −0.19 hadi 0.39. Humo ndani kuna "pumba hazina maana" na kuna "pumba zinasaidia kwa kiasi cha kuonekana". Namba yenu haijui ni ipi.

Na hata ingejua, isingewasaidia kuamua kuhusu mkopo. Ndani ya r hakuna lita wala shilingi. Chama kinahitaji mwinuko wa mstari, yaani kilo moja ya ziada inaleta lita ngapi za ziada. Ukizidisha hizo lita kwa bei ya kituo na kulinganisha na bei ya kilo ya pumba, hapo ndipo neno "hasara" au "faida" linapoanza kuwa na maana. Uhusiano unaweza kuwa na nukta zilizotawanyika sana na bado kila kilo ikalipa. Unaweza pia kuwa na nukta zilizojipanga vizuri na kila kilo ikala mtaji.

Sasa tuitazame picha yenyewe. Sogea nyuma kidogo, usitafute mstari. Tafuta umbo.

Jambo la kwanza linaloonekana ni milia. Nukta zako hazikuenea kwenye mhimili wa chini; zimepangana wima kwenye 2, 4 na 6, na chache kwenye 1 na 3. Hiyo ni alama ya kisado. Hakuna mfugaji anayempa ng'ombe kilo 2 kamili kila siku. Wanachota kisado, wewe ukakiandika kilo 2. Lakini kisado cha pumba laini za mahindi na kisado cha mashudu ya alizeti havina uzito mmoja, na kuna anayejaza mpaka kilima kinasimama na kuna anayefuta juu kwa kiganja. Kipimo cha mhimili wa chini kinapokuwa na makosa ya namna hii, nukta husogezwa kushoto na kulia ovyo, na mstari hulala kuliko ulivyo kweli. Kwa hiyo sehemu ya ile 0.11 imetokana na kisado, si na ng'ombe. Chukua mizani, pima visado kumi katika nyumba tofauti, uone vinavyopishana.

Milia huficha kitu kingine: nukta zinalaliana. Kwenye mchoro wako nimehesabu nukta 39, wakati jedwali lina ng'ombe 46. Saba wamejificha chini ya wenzao. Badilisha nukta zilizojazwa rangi ziwe viduara vyenye utupu katikati, au kwenye safu ya kilo ongeza tarakimu ndogo ya kubahatisha, tuseme kati ya −0.15 na 0.15, kwa ajili ya kuchorea tu. Usiitumie safu hiyo kwa hesabu.

Mhimili wa juu nao una lake. Umeandika "lita za maziwa", lakini chanzo ni daftari la kituo. Hayo ni maziwa yaliyofika kituoni. Katika vijiji vingi maziwa ya asubuhi ndiyo yanayopelekwa, ya jioni yananyweka nyumbani au yanauzwa kwa jirani, na ndama naye ana fungu lake. Mwenye watoto watano anapeleka pungufu kuliko mwenye mtoto mmoja, hata ng'ombe wao wakiwa pacha. Unachochora hapo ni pumba dhidi ya maziwa yaliyobaki baada ya familia kunywa, na sidhani kama hilo ndilo swali la chama.

Lakini hayo yote ni madogo mbele ya hili: picha yako ina mawingu mawili. Liko la juu, kuanzia lita 7 hadi 16, na liko la chini, lita 1 hadi 4. Katikati pamebaki uwazi, karibu hakuna nukta. Uwazi kama huo kwenye mchoro hauji bure. Mara nyingi una maana umeweka pamoja watu wa koo mbili. Nilipoangalia safu ya maelezo kwenye jedwali, ambayo mpwa wako hakuitumia, nikakuta wa juu karibu wote ni chotara wa Friesian (ng'ombe wa maziwa wa kizungu) na wa chini ni wa kienyeji. Ng'ombe wa kienyeji akitoa lita mbili tatu amejitahidi. Umbile lake haliruhusu zaidi, hata umwagie gunia. Chotara anao uwezo, na chakula ndicho kinachomzuia.

Fanya hivi kwenye Excel. Safu ya kwanza iwe kilo za pumba. Safu ya pili iwe lita za chotara tu, ukiacha wazi mistari ya wale wa kienyeji. Safu ya tatu iwe lita za wa kienyeji tu. Chagua zote tatu, weka mchoro wa nukta zilizotawanyika (usichukue ule wa mistari, kwa sababu huo huzipanga kilo kama majina, kwa nafasi sawasawa, na 1, 2, 4, 6 zinaonekana kama zimeachana sawa). Excel itawapa kila kundi rangi yake. Nimejaribu kwa jedwali lako: wingu la chotara linapanda kadiri unavyokwenda kulia, halafu kwenye kilo 6 linaanza kulala. Wingu la wa kienyeji liko bapa. Ukiyachanganya, tofauti ya urefu kati ya mawingu ni kubwa mno kiasi kwamba inaumeza ule mpando wa chotara, na kompyuta inatoa 0.11. Namba hiyo ni ya kundi ambalo halipo: ng'ombe wa wastani, nusu chotara nusu kienyeji.

Kule kulala kwenye kilo 6 nakuomba usikupuuze, ingawa nukta ni chache. Ndivyo lishe inavyofanya kazi. Kilo ya kwanza inamkuta ng'ombe ana njaa ya nguvu. Kilo ya sita inamkuta ameshiba, na inaweza hata kumdhuru tumbo. Mstari mnyoofu hauwezi kuonyesha jambo hilo, unalifuta.

Hata ndani ya chotara bado kuna vitu viwili vimejificha. Kimoja ni miezi tangu kuzaa. Maziwa hupanda mpaka kilele katika mwezi wa pili hivi, kisha hushuka polepole hadi ng'ombe akaushwe. Chotara wa mwezi wa pili na wa mwezi wa tisa hawalinganishwi kwa pumba. Cha pili ni majani. Mwanachama mwenye shamba zuri la mabingobingo hutoa pumba kidogo, maana haoni haja. Asiye na majani hujaza pengo kwa pumba. Hapo unapata ng'ombe wa pumba chache mwenye maziwa mengi na ng'ombe wa pumba nyingi mwenye maziwa ya wastani, na nukta zinaonekana kama pumba hazifanyi kitu.

Upo na mshale wa kinyume. Wewe unasoma grafu kutoka pumba kwenda maziwa. Lakini wafugaji wangapi wanamwongezea pumba ng'ombe *kwa sababu* anatoa maziwa mengi, na kumpunguzia anapokaribia kukauka? Ni desturi, na ni desturi nzuri. Basi maziwa ndiyo yanayoamua pumba, na mpando unaouona kwa chotara unaweza kuwa umetiwa chumvi. Majani yanaficha faida ya pumba, desturi hii inaikuza, na nukta zinaonyesha matokeo ya mvutano huo bila kusema nani kavuta zaidi. Ndiyo maana sikubaliani na mwenyekiti na nawe sikupi ushindi.

Nije kwa wale 9 uliowaondoa. Hapa nitakuwa mkali kidogo. Ng'ombe asiyepewa pumba ana cha kuonyesha kuliko wote, kwa kuwa anakuambia maziwa yanakuwaje kilo zikiwa sifuri. Ukimtoa, unabaki na kipande cha katikati cha hadithi.

Kosa la jamaa hiyo liliwahi kuchangia msiba mkubwa. Usiku wa tarehe 27 Januari 1986, kabla ya chombo cha anga cha Challenger kurushwa kutoka Florida, wahandisi walibishana kwa simu kama baridi ingeharibu pete za mpira zinazoziba maungio ya roketi. Walitazama safari zilizokuwa na dalili za kuharibika kwa pete, wakaona zilitokea kwenye joto na kwenye baridi pia, kwa hiyo uhusiano haukuonekana. Safari ambazo hazikuwa na tatizo hazikuingizwa kwenye picha. Tume ya uchunguzi ilipoziweka zote 24, ikaonekana: safari nne zilizorushwa kwenye nyuzi 63 za Fahrenheit au chini, yaani kama 17 za Selsiasi, zote zilikuwa na dalili hizo. Kati ya 20 zilizorushwa kwenye nyuzi 66 au zaidi, ni tatu tu zilizokuwa nazo. Asubuhi ya tarehe 28 baridi ilikuwa karibu na kiwango cha kuganda kwa maji. Watu saba walikufa. Wao waliacha sifuri za mhimili wa juu, wewe umeacha sifuri za mhimili wa chini, lakini jicho linadanganywa kwa njia ileile. Warudishe hao 9. Ila kwanza hakikisha sifuri zao ni sifuri kweli, maana katika madaftari yetu sifuri mara nyingine ina maana "hatukuuliza".

Yule wa kilo 6 na lita 3 usimfute. Nukta iliyo mbali na wenzake haifutwi kwa kosa la kuwa mbali. Inafutwa ukishapata sababu *nje* ya mchoro. Nenda kwa mwenye ng'ombe. Huenda karani aliandika 6 badala ya 1. Huenda ng'ombe ana ugonjwa wa kiwele, au amebakiza wiki mbili akaushwe, au alikonda na mwenyewe anamnenepesha. Kwa vyovyote, chora mara mbili, akiwemo na asipokuwemo. Kwa jedwali lako picha haibadiliki sana, kwa hiyo siye mharibifu uliyemdhania.

Kuna jaribio dogo ambalo napenda kuwapa watu wanaobishana kuhusu mchoro. Chukua safu ya lita za chotara, ichanganye ovyo kama karata ili kila ng'ombe apewe maziwa ya mwenzake, chora. Rudia mara kadhaa, kisha chomeka mchoro wa kweli katikati ya hiyo ya uongo na umwite mwenyekiti achague ule wa kweli. Akishindwa kuutambua, basi hata mpando nilioutaja nisiutetee sana. Nakuonya hivyo kwa sababu kadiri unavyogawa makundi, nukta zinapungua, na kwenye nukta nane au tisa jicho la mwanadamu huona mstari hata pasipo na kitu.

Kitakachomaliza ubishi ni jaribio la wafugaji wenyewe. Chukueni chotara walio kati ya mwezi wa pili na wa sita tangu kuzaa, ambao wenyewe wamekubali. Kwa wiki mbili wapimwe kama walivyo, kamuo la asubuhi na la jioni, kwa chombo chenye alama za lita. Kisha pigeni kura ya karatasi: nusu waongezewe kilo moja ya pumba iliyopimwa kwenye mizani, nusu wabaki vilevile, kwa wiki tatu au nne. Hiyo nusu isiyobadilishwa ndiyo muhimu, maana maziwa yatashuka kidogo kwa wote kadiri siku zinavyokwenda, na usipokuwa nayo utasema pumba zimepunguza maziwa. Kura nayo inawazuia watu kumteua yule ng'ombe wanayempenda. Mwisho wake chora tena: mhimili wa chini maziwa ya mwanzo, wa juu maziwa ya mwisho, rangi mbili. Hapo mtaona kama rangi moja inakaa juu ya nyingine, na kwa lita ngapi.

Hilo jaribio lisifanyike bila afisa mifugo wa kata kujua. Pumba zikiongezwa ghafla, tumbo la ng'ombe hujaa tindikali. Ataacha kula, ataharisha, na anaweza kufa. Ongezeko liende polepole, kwa siku kadhaa, na majani yasipunguzwe. Ukiona ng'ombe amegoma kula, usisubiri takwimu, mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Na kwa kuwa mnazungumzia fedha za mkopo wa wanachama, ningependa mtu akae nanyi ana kwa ana kabla ya kusaini chochote. TALIRI, yaani Taasisi ya Utafiti wa Mifugo Tanzania, wana kituo Uyole, Mbeya, na Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kina watu wa lishe ya mifugo na wa takwimu. Waendee na jedwali zima, wale 9 wakiwemo; usiwapelekee r peke yake.

Kwenye mkutano mkuu, kama huna budi kusema kitu, onyesha mchoro wenye rangi mbili na useme kwamba kwa ng'ombe wa kienyeji hatuoni dalili ya pumba kulipa, kwa chotara tunaona dalili lakini hatujapima, na chama kinaomba wanachama wa kujitolea. Mkopo ukianza, uanze kwa chotara, na kwa kilo chache. Daftari la kituo lichorwe upya kuanzia mwezi ujao: aina ya ng'ombe, tarehe ya kuzaa, pumba kwa mizani, kamuo la asubuhi, kamuo la jioni, na yaliyoletwa kituoni katika safu yake mwenyewe.